Pakka

Nje ya Gaya, kwenye tanuri, Budhni
hugonga tofali kwa kifundo cha kidole.
Likilia kama bakuli la shaba: "Pakka."
Likibana sauti, ni bichi; hulitupa.

Neno hilo limetoka wapi? Akacheka.
Jikoni! Dengu zikiiva, pakka.
Papai. Barabara yenye lami.
Rangi ya nguo isiyochuja.
Ujira wake wa miezi miwili?
Huo bado mbichi.

Kumbe kwao ukweli mtu hazaliwi nao,
hupikwa,
na sote tulianza udongo,
mvua ya kwanza ingetumaliza.

Nikamwahidi: kesho narudi na picha yako.
Akagonga hewa mbele ya mdomo wangu,
mara mbili,
akatega sikio.