Shibiri Moja

Siku ya tatu maziwa yalikatika,
na friji likaendelea kunguruma
kama mtu anayebishana usingizini.

Fundi Singano wa Barabara ya Kumi na Mbili
alikuja na kibegi, hakukifungua.
Aligusa mgongo wa friji kwa kidole kimoja:
"Gesi, mama. Laki na themanini."
Nikamsindikiza hadi kwenye lami.

Barafu yangu ya ukwaju ni shilingi mia.
Laki na themanini ni barafu elfu moja na mia nane,
sijahesabu sukari.

Basi nikaanza mwenyewe, polepole,
kama unavyomuuliza mtoto tumbo linauma wapi.

Nikachomoa plagi, nikachomeka pasi mahali pake.
Pasi ikapata moto. Si soketi.
Nikaangalia kitufe cha baridi: kiko mwisho kabisa.
Humu ndani kila anayesikia joto la Tanga
anaongeza namba, kama vile friji ni redio.

Kisha mpira wa mlango.
Nikabana noti ya elfu mbili, nikafunga, nikavuta.
Pembe ya juu iling'ang'ania.
Ya chini ikaniachia hela bila ubishi,
jambo ambalo mdaiwa wangu yeyote hajawahi kulifanya.
Ubuyu ulikuwa umekaukia kwenye mkunjo.
Maji ya vuguvugu, sabuni, kitambaa,
halafu mafuta ya mgando mpaka mpira ukalainika.

Kwenye friza, barafu nene kama godoro.
Mwanangu Mwantumu akaleta kisu.
Nikakipokea, nikakirudisha jikoni.
Mama Hoza alichokonoa lake kwa kisu,
bomba likatoa pumzi moja, fyuuu,
na leo friji lake ni kabati la kanga.
Sisi tuliweka sufuria la maji moto, matambara sakafuni,
tukakaa.
Saa tisa pande zima liliachia kwa kishindo,
tukaruka, tukacheka.

Nikawasha. Likanguruma.
Saa sita usiku linanguruma.
Alfajiri linanguruma, na maji ni ya kuogea mtoto.

Nikaweka kiganja ubavuni: paji la mwenye homa.
Ndipo nikataka kuchungulia nyuma,
na nyuma hakuna.
Friji limebanwa ukutani, koili zimeota manyoya ya vumbi,
na mbele yake godoro la shemeji Mbaruku,
aliyekuja mwezi wa pili kwa wiki moja
kusubiri simu ya kiwandani.
Mimi na yeye ndio tuliolisukuma, ili godoro lienee.

Sasa utamwambiaje mtu mzima
kwamba friji linataka nafasi?
Maneno mengine, hata uyapake asali,
yana mlango wa kutokea.

"Shemeji, linahitaji shibiri moja. Lipumue."
Akatazama godoro. Akatazama begi lake.
"Hata mimi nilikuwa nawaza labda nirudi Korogwe."
"Nimesema shibiri. Sikusema Korogwe."

Tukavuta, huku na huku, miguu ya chuma ikichora saruji.
Vumbi alilisugua kwa brashi ya viatu,
ile anayoitunza kwa siku ya usaili.
Godoro tukaligeuza; sasa nyayo zake
zinalala mlangoni, kila apitaye anaziruka.

Usiku ule, saa nane, niliamshwa na kimya.
Nikatoka mbio na tochi ya simu.
Mbaruku alikuwa macho gizani, kidole mdomoni.
"Halijafa," akanong'ona. "Limepumzika.
Nimehesabu. Dakika ishirini kazi, kumi kimya."

Kumbe friji zima hunyamaza.
Bovu ndilo lisilokaa chini.
Nikasimama pale kwa miguu yangu
iliyosimama tangu adhana ya kwanza,
nikalisikiliza likiwa halifanyi chochote.

Asubuhi mteja wa kwanza aling'ata barafu,
akashika shavu,
akalalamika kwamba ni ngumu mno.