Kielelezo Namba Tatu

Mlango wa ghala, pale Mtambwe, ulikuwa na komeo kwa ndani,
na magunia kumi na mawili ya karafuu yameuegemea.
Tulivunja bawaba. Mbarouk Khatib alikuwa chali
juu ya jamvi kavu, macho wazi,
mwani mdomoni.

Kutoka ghalani hadi pwani ni mwendo wa saa nzima.
Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu.

Mimi ni Koplo Riziki Hamadi, wa kituo cha Wete.
Sikwenda kuamini. Nilikwenda kujaza fomu.

Sababu ya kifo: daktari aliyapima mapafu,
akaniita kando, akanong'ona kama mwenye deni,
"Huyu kazama."
Wanasema damu nzito kuliko maji.
Siku ile, kwenye sahani ya mizani, maji yalishinda.

Njia aliyoingilia mhalifu:
nyayo za chumvi sakafuni, saba,
zinatoka ukutani kuelekea jamvini.
Za kurudi hazikuwepo.

Mtuhumiwa: watu walimtaja kwa kauli moja,
tena bila kunitazama usoni. Faki Shehe.
Faki, mshirika wake wa magendo,
aliyeanguka chomboni usiku, njia ya Mombasa,
miaka minne nyuma.

Nikaitafuta hati ya kifo chake.
Ipo. Ina muhuri. Ina shahidi mmoja:
"Nilimwona akizama. Mbarouk Khatib."
Usiku usio na mwezi, bahari imechafuka,
taa wamezizima kwa kuogopa doria.
Alimwona kwa nuru gani?

Kofia iliyokuwa mkononi mwa maiti, ingali ikitona,
niliipeleka kwa Bi Time, mjane wa Faki.
Hakulia. Alihesabu vitobo kwa ncha ya kidole
hadi pale uzi unapokatika.
"Aliondoka nayo haijesha," akasema.
"Nilimwambia ngoja. Akasema Mbarouk ana haraka."
Kisha akaomba sindano.

Nilipaswa kukataa; ni kielelezo cha Serikali.
Nikakaa barazani mpaka adhuhuri, fomu magotini,
nikisikia uzi ukipita kitambaani.

Pale pa saini ya mtuhumiwa niliacha tupu.
Nilipolifungua faili jioni
karatasi ilikuwa imeloa, hapo tu.
Sikumwambia mtu.
Asubuhi yake nikaianika juani,
jamvini, kati ya karafuu za watu.