Mchapaji wa Stesheni

Baba alichapa barua za reli, Tabora,
karatasi nne kwa mpigo, kaboni katikati,
wala hakukosea nukta.
Kisha vidole vikaanza ngoma isiyo na mpigaji.
Bosi akanusa kinywa chake.
Shangazi Nyamizi akamtaja Bi Tausi wa jirani,
na debe la asali likaenda kwa mganga.

Leo daktari ananichorea kwa kalamu:
kila chembe ya mwili ina maandishi,
na mahali pamoja silabi moja hujirudia,
ka ka ka, kama mtoto anayejifunza kusema.
Hadi thelathini na tano, mtu hulala usingizi wake.
Babu hakupimwa; alitetemeka, tukasema ni uzee.
Baba ana arobaini na sita.
Mnakili hutelezea palepale penye marudio:
akipotewa na hesabu, huongeza.

Kumbe hakurogwa.
Bi Tausi alihama usiku, na magodoro kichwani.
Nani atamfuata kumwomba radhi?

Damu yangu imesafirishwa Dar. Majibu Jumatatu.
Niko Ng'ambo, barazani, nachambua maharage,
nahesabu bila kutaka.
Nikifika thelathini na tano
nasimama,
naanza upya.