Mizani ya Sahani

Baba alikata miwa miaka thelathini na mmoja
katika mashamba ya Silay, kisiwani Negros,
na leo muuguzi Rhodora anamtoboa kidole,
tone moja, dogo kuliko punje ya mtama,
anasoma kwenye kimashine:
mia mbili arobaini na sita.
"Sukari, Mzee Eleuterio."
Baba anaitazama mikono yake, makovu ya panga,
kama mtu aliyeletewa deni la mwajiri wake.

Usimwambie kwamba sukari ni adui.
Katika ile miezi tuliyoiita iliyokufa,
kiwanda kimezimwa, kazi hakuna, debe la mchele tupu,
Mama alikoroga sukari guru katika maji ya moto
akatugawia sisi sita, tukalala.
Ndiyo iliyotulea.
Utamtukanaje mlezi mbele ya aliowalea?

Kisha akaja jirani, Nang Epang, mjuzi wa yote.
Aliutaja wanga kwa sauti ya chini, akitazama mlango,
kama anayetaja wale warukao usiku na ungo.
"Wanga ndio unaomla mumeo, Iluminada.
Ufukuze nyumbani."
Mama akaufukuza.
Wali ukaenda kwa kuku. Ndizi zikaenda kwa jirani
(yuleyule jirani).
Kiazi kitamu, hata kile kidogo cha majivuni, marufuku.
Siku tatu Baba alikula samaki mtupu na hasira.
Siku ya nne, amemeza vidonge, tumboni hamna kitu,
akaanguka kando ya pampu ya maji,
jasho la baridi, midomo haipati neno.
Na kilichomwinua, jamani,
kilikuwa maji ya sukari, vijiko viwili,
kikombe kikigonga meno yake
kwa kutetemeka kwa Mama.

Rhodora hakugomba.
Aligeuza kalenda ya kiwanda, akachora duara mgongoni.
"Nusu hii mboga: mlonge, matembele, biringanya.
Robo hii samaki, au choroko.
Robo iliyobaki, wali wako."
"Robo?"
"Robo. Wewe umezoea mlima."
Akasema wali mweupe nao, ukishuka, hugeuka sukari,
upesi, kama moto wa makapi ya miwa:
fuu! umepanda, fuu! umekwisha,
nawe unatafuta sahani nyingine.
Lakini choroko, kiazi na ganda lake, mahindi yasiyokobolewa,
hayo ni magogo, huwaka taratibu hadi jioni.
"Na soda ile ya dukani?" nikauliza mimi.
"Hiyo ni petroli, binti."
Akamgeukia Baba.
"Mwili unataka moto, Mzee. Usiuzime.
Chagua kuni tu, na uzihesabu."

Baba alinyamaza kitambo kirefu.
Mizani anaijua.
Miaka yote hiyo aliona miwa yake ikipimwa langoni,
tani zikipungua njiani
kati ya macho yake na kalamu ya karani.
Akachukua kikombe cha bati kilichobonyea,
akakijaza wali, akaukata juu kwa kisu, sawasawa.
"Hii," akasema, "nitaishika mwenyewe."

Sasa anapima kila mlo, hata ugenini,
kikombe kikining'inia kiunoni palipokuwa panga.
Nang Epang anacheka. Mwache acheke.
Jana kimashine kilisema mia na themanini.
Bado.

Kuna jambo moja sijamwambia Mama.
Katika kopo la misumari, chini kabisa,
Baba ameficha bonge la sukari guru.
Juzi nilimwona: akalitoa, akalinusa,
akamega kipande kama ukucha wa kidole gumba,
akakiangalia, akakikata nusu tena.
Nusu akairudisha.
Nusu akaiweka ulimini, akafumba macho,
na sikujua kama anaonja
au anaongea na mtu.