Koleo

Bergen, mvua ya siku ya arobaini na mbili.
Gudveig anakung'uta mwavuli, anautundika mlangoni,
kisha anapenyeza mikono yote miwili
katika glavu nyeusi za sanduku la kioo
ambamo tone moja tu la mji huu
lingeua kazi ya miezi mitatu.

Humo ndani ni arigoni, ukavu, ukimya.
Humo ndani anaunda koleo.

Si la mhunzi. Hili halionekani hata kwa darubini:
mikono miwili ya fosforasi, na katikati, kifuani,
kaboni iliyozoea kushikana na wanne
sasa imeachiwa wawili,
imebaki na elektroni mbili
na haina pa kuziweka.

Husemwa kutoa ni moyo, si utajiri.
Kwa kaboni hii ni vyote viwili.
Iridi inakuja na njaa yake, inabanwa pande tatu,
inalishwa.

Na utajiri huo haumuulizi tajiri mwenyewe.
Unamfunga mgeni, kaboni monoksaidi, mgongoni mwa metali,
unasikiliza anavyotetemeka:
elfu moja mia tisa ishirini na nne.
Namba ikishuka, koleo linatoa.
"Hapa jengoni hakuna aliyefika chini hivyo,"
akasema Eyvind, ambaye hasifu kitu
ila kahawa yake.

Wiki ya pili, chupa nyekundu ikageuka kahawia.
Metali, kwa shibe, ilikuwa imepata nguvu
ya kuvunja kifungo kigumu cha kaboni na haidrojeni,
ndiyo kazi iliyoitiwa,
ila haikungoja mafuta iliyoandaliwa.
Iligeuka ikavunja kifungo cha koleo lenyewe.

Mkono mtupu haulambwi,
Gudveig akaandika daftarini,
uliojaa huumwa.

Akala mkate wake kwa jibini ya kahawia, amesimama.
Akafuta vitawi vilivyoning'inia karibu na metali,
akavichora upya, vimefungwa nyuma kwa pete,
mahali ambapo mlishwaji
hafikii kidole cha mlishaji.
Akaanza tena na chumvi nyeupe, gramu mbili.

Leo, saa nne usiku, kwenye mashine ya sumaku,
kuna kilele kidogo, kulia kabisa, chini ya sifuri,
upande ambao haidrojeni haifiki
isipokuwa imeshikwa na metali.

Huenda ni uchafu.

Anapima tena.
Mlangoni, mwavuli umeshakauka.