Sufuria la Shaba

Kaa, Bwana Harith. Kiti hicho mguu mbovu,
egemea ukutani.
Mimi mchapaji tu. Hakimu yuko ng'ambo ya barabara,
nyuma ya vioo vinavyong'aa kama sinia la harusi.
Hapa Ruwi watu huniletea karatasi zimekunjwa mara nane,
kana kwamba deni likikunjwa hupungua.
Tuseme Kiswahili, na kwa sauti ndogo,
ingawa nusu ya korido inakielewa.

Uliniuliza kwenye simu: kufilisika kupi kwangu?
Nikadhani watania. Kumbe hukujua
kwamba hata kuanguka kuna milango.

Upo mlango wa mnada.
Unaandika ulichonacho, hata kinachokuaibisha:
gari, friza mbili, zulia la majlisi, saa ya marehemu baba.
Dalali atanadi mbele ya watu uliowamiminia kahawa,
wadai watagawana, anayedai kumi apate tatu,
na hakimu akiridhia, kilichobaki kinafutwa.
Unatoka mtupu. Lakini unatoka.

Upo wa muhula.
Huuzi kitu; unakatwa kila mwezi, miaka na miaka,
unaishi nyumbani kwako kama mpangaji.
Huo ni wa mwenye mshahara.
Wewe una duka la halwa Barka, na wateja wa Idi,
na Idi haiji kila mwezi.

Juzi alikaa hapo ulipo mtu wa kilemba cha bei,
shamba lake kaliandikisha kwa dada yake
usiku mmoja kabla ya kuja kwangu.
Nilimchapia. Nikatoza riali tano.
Yule hakufilisika. Alifilisi.

Na wewe hata hukukopa. Ulitia sahihi.
Mtoto wa ami yako, Zahran, alitaka malori;
sasa yuko Dubai, simu yake inaita mpaka inachoka.
Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Hawakusema tufanyeje
harusi ikiwa ya mwingine, matanga yakawa yetu.

Dhahabu ya mkeo haiingii humu.
Bi Thureya alikuja jana, alfajiri sijafungua,
kaifunga kwenye kitambaa cha jikoni, kaiweka mezani.
Nimemrudishia.
Mahari ni yake, si ngao yako.

Sasa, wadai. Nitajie.
Benki. Mwenye nyumba. Muuza sukari. Muuza samli, miezi saba.
Na anayekukorogea halwa?
Shafiqul, ukasema, mshahara wa miezi minne,
ukalisema kama mtu anayetaja bili ya maji.
Shafiqul nani?
Ukatazama kiyoyozi.
Miaka sita mtu anasimama juu ya moto wako,
mikono imeota sugu kwa mwiko,
na jina lake la pili hulijui.

Hapo niliacha kuchapa.
Huko sikuna mlango wake, Bwana Harith.
Hakuna fomu.

Mpigie.
Ukampigia. Akapokea kabla mlio wa pili haujaisha,
tukamsikia sote wawili, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
akitaja herufi moja moja, taratibu,
kama anayemfundisha mtoto:
Shafiqul Mondal. Wa Silheti.
Kisha akauliza kama kesho mnapika,
maana zafarani imebaki kidogo.

Nimemweka juu kabisa, kabla ya benki.
Hakimu akitaka kumshusha, amshushe kwa mkono wake.
Sufuria la shaba sikuliandika kwenye mali,
nimeliandika pembeni: chombo cha kazi.
Litatosha kupika, na pengine kulipa.

Unapapasa mfuko. Acha.
Hizo za nauli ya kurudi Barka.
Ipo nafasi chini, mstari mmoja.
Andika kwa mkono wako:
mchapaji, riali tano.