Mtoto wa Meza

Meza hii ilikuwa ya mama, Helju,
mhasibu wa ushirika wa maziwa mjini Viljandi,
aliyehamishia ofisi chumbani mwaka ule magoti yalipomgomea.
Miaka kumi na tisa alihesabu maziwa ya watu
akitazama ukuta.

Sasa ni yangu, na ukuta ni uleule.
Ijumaa, kikaoni, bosi aliniona kwenye kamera
akauliza kama nimehamia stoo.
Nikacheka. Nikazima kamera.
Kulipokucha nikatandika magazeti sakafuni,
nikaazima mashine ya msasa kwa Rasmus wa ghorofa ya tatu,
nikafungua dirisha, na nje nyuzi kumi chini ya sifuri,
maana vumbi halina adabu.

Chini ya vanishi ya kahawia palikuwa na kijani,
kijani kizito, cha matrekta.
Zama zile rangi haikununuliwa,
ilitokea tu, na hukuuliza.
Chini ya kijani, msonobari,
mweupe kama kisigino kilichochungulia kwenye soksi,
unanuka utomvu baada ya miaka hamsini
kama mti ambao haujaambiwa kwamba ulikatwa.

Duara la kikombe nilipigana nalo.
Msasa namba themanini, namba mia na ishirini,
lakini kahawa ya mama ilizama kuliko nguvu zangu.
Basi. Kaa hapo.

Watoto watatu wa meza walitoka kwa heshima.
Wa nne, wa chini kushoto, akagoma.
Nikampaka sabuni, nikambembeleza, nikamtukana,
nikakaza miguu ukutani nikavuta,
akatoka kwa kilio, tukaanguka pamoja juu ya magazeti.
Nilipompindua nikaona penseli tumboni mwake:

*Leida, mayai 12. Machi.*

Bila mwaka. Bila mstari wa kufuta.

Mama, aliyewahi kurudi kazini usiku, kwa miguu, thelujini,
kwa kuwa hesabu ilipungua kopeki tatu,
mama huyo aliandika deni
mahali pasipofika jicho la mkaguzi.
Nikabaki nimekaa, baridi ikinipanda mgongoni,
nikitafuta Machi ipi.
Labda ule mwaka mapafu yaliponilaza,
na kila asubuhi, ghafla, yai la kuchemsha,
nami nikala bila kuuliza kuku wametoka wapi.
Asubuhi kumi na mbili. Sasa ndiyo nazihesabu.

Rangi niliyochagua ni buluu ya moshi.
Mkono wa kwanza ulitiririka machozi kwenye mguu wa nyuma.
Wa pili ulinasa unywele wa paka, umo hadi leo,
umejikunja kama sahihi.
Vishikio vya shaba nilivyoagiza vilifika vitatu,
kwa hiyo yule mkaidi amebaki na chake cha zamani,
kamba na kifungo cha koti.
Tumbo lake sikulipaka.

Dawa ya deni ni kulipa.
Wasemao hawasemi umlipeje aliyezikwa.

Jumapili jioni nikapanda ngazi,
mashine mkono huu, trei ya mayai mkono huu.
Rasmus akafungua mlango akitafuna.
"Mashine sawa. Na haya?"
"Ya bibi yako, Leida."
"Bibi alifariki kabla sijaanza shule."
"Ndiyo," nikasema. "Tumechelewa."

Akatazama mayai, akatazama vumbi kwenye nyusi zangu,
akafuta mikono kwenye suruali, akapokea kwa yote miwili.
Akahesabu, kimya, midomo ikicheza.
"Moja limepasuka," akasema.

Leo meza nimeigeuza, inatazama dirisha.
Bosi amesema rangi nzuri.
Kikao kilipokwisha nikamvuta yule mtoto wa chini kushoto,
bado anakwama, bado anataka sabuni,
nikamlaza kifudifudi mapajani,
nikachonga penseli,
na chini ya mwandiko wa mama nikaandika, bila mwaka:

*Rasmus, yai 1. Februari.*